Mashine Isiyoijua Bilika

Kijiwe cha ghala la ushirika pale Masasi kilikuwa na benchi mbili, cherehani moja na sheria moja. Cherehani ilikuwa ya Hamidu, ambaye wenzake walimwita Pindo kwa sababu hakuwahi kusimulia jambo akaliacha bila kulikunja ncha. Sheria ilikuwa ya Fakihi, muuza kahawa. Ubishi wowote, uwe wa mpira, wa siasa au wa kama nyoka ana masikio, ulikufa pale pale Fakihi alipoinua birika lake, akaligeuza mdomo chini na kupiga ukelele: "Bilika tupu!" Baada ya hapo hakuna aliyeongeza neno. Kama uliulizwa swali na bado hujalijibu, umeshindwa, na kesho yake huruhusiwi kulifufua. Fakihi alisema bilika, kwa l, na karibu kijiwe kizima kilisema hivyo hivyo, maana ukilelewa kwa Kiyao au Kimakonde ile r haikai vizuri mdomoni. Aliyebaki peke yake ni Mwalimu Stefano, ambaye r zake zilitoka zimenyooka utadhani amezipiga pasi.

Jumamosi moja baada ya alasiri, mwaka ule minara ya simu ilipoanza kuota mjini, Hamidu alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze ushonaji. Aliishusha cherehani chini na kumwachia mtu mwingine meza. Mtu huyo alikuwa binti yake, Ziada, mwenye miaka ishirini na sita, aliyeshuka kwenye basi la Dar es Salaam siku nne nyuma akiwa amekumbatia mzigo uliofungwa kwa kanga mbili na kigodoro. Shirika alilolifanyia kazi lilikuwa limebinafsishwa. Wenye mali wapya walipunguza watu na kutupa mashine za zamani. Ziada alikuwa katika waliopunguzwa, na kompyuta hii ilikuwa katika zilizotupwa. Wakaja pamoja.

Jumatatu basi lingerudi Dar, na huko kulikuwa na ofisi nyingine iliyomwambia aje aanze kazi. Ziada hakutaka kwenda. Alitaka kubaki Masasi afundishe watu kompyuta, ila alihitaji chumba chenye umeme, nondo madirishani na bati lisilovuja. Chumba cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa nyuma ya migongo yao: ghala la ushirika, lililofungwa tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kuifuata korosho na mizani yao mpaka mashambani. Ufunguo wake ulining'inia kwa kamba shingoni mwa Mwalimu Stefano, mwalimu mstaafu na katibu wa chama cha msingi, ambaye kijiweni aliitwa Kifungu. Ukimwomba hata kiberiti, alikutajia kifungu cha katiba.

Hamidu alitaka binti yake abaki. Alitaka mpaka chakula kilikuwa hakimpiti. Lakini baba hawezi kumpigia debe mwanawe mbele ya kijiwe, watamcheka mpaka msimu ujao wa korosho. Kwa hiyo alikaa kwenye ncha ya benchi, akashika suruali ya mtu na kujifanya anatafuta mshono.

— Hiyo tivii, — alisema Anselmo, fundi baiskeli na redio kutoka Newala, aliyejipa mwenyewe jina la Enjinia kabla watu hawajampa jingine.

— Si tivii, baba mdogo. Ni kompyuta, — alisema Ziada. Alikuwa amevuta waya kutoka dukani kwa Sadallah, ng'ambo ya njia, kwa kuwa siku hiyo umeme ulikuwa zamu ya mtaa wao.

— Ndiyo nakwambia. Ni tivii iliyosoma.

— Mpwa wangu, — alidakia Fakihi, — inakunywa kahawa?

— Haipatani na maji, mjomba.

— Basi mimi na yeye kila mtu na lake. — Akasogeza jiko lake la mkaa hatua mbili nyuma.

Mwalimu Stefano alivaa miwani.

— Tusipoteze wakati. Chombo hiki kinafanya nini?

— Kinafanya unachokiambia, Mwalimu.

— Unakiambia kwa lugha gani?

Ziada alitabasamu, na Hamidu akaliona lile pengo la meno ya juu alilomrithisha yeye mwenyewe.

— Hapo ndipo ishu ilipo. Chenyewe kilikuja kinajua Kiingereza. Mimi nimekifundisha Kiswahili. Tena Kiswahili cha mtaani.

Kikombe cha Anselmo kilisimama njiani kuelekea mdomoni.

— Acha masihara!

— Kweli. Kule Dar tulikuwa tunasoma jioni baada ya kazi. Amri zote Kiingereza, tunakariri hata hatujui tunasema nini. Siku moja mwenzangu mmoja kachoka, akaigombeza mashine: "Oya, kamua basi!" Tukacheka sana. Nikalala nalifikiria lile neno. Nikasema, kwani ikiambiwa kamua itapungukiwa nini? Ilianza kwa mzaha, wazee wangu. Mwaka mzima nimekuwa nikiifundisha.

— Hebu zitaje hizo amri, — alisema Fakihi.

— Ukitaka kuanza, unaiambia "oya". Ukitaka iseme kitu, unaiambia "chana". Ukitaka ichague njia, unaiambia "kama vipi" hivi, "au siyo" vile. Ukimaliza kuielekeza, "kamua", nayo inakwenda.

— Na ukitaka ikumbuke kitu? — aliuliza Anselmo, kwa sauti ya fundi anayemtega fundi.

— Unampa mshikaji.

— Mshikaji gani tena?

— Baba mdogo, mshikaji si rafiki yako? Sasa lisikilize neno lenyewe. Mshikaji, anayeshika. Basi humu ndani mshikaji ni anayekushikia kitu. "Mshikaji kashika saba." Ukimrudia kesho ukamwuliza umenishikia nini, anakwambia saba. Hajaila, hajaisahau.

Hamidu alilitumia neno mshikaji miaka na miaka, akaliona likipita kwenye vinywa vya utingo na wapiga debe, na hata siku moja hakuwa ameiona mikono iliyomo ndani yake. Sasa aliiona. Akaikunja ile suruali na kuiweka kando. Hakukuwa na haja ya kujifanya tena.

— Na Kiingereza chake umekipeleka wapi? — aliuliza, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo.

— Kipo, baba. Kipo chini, Kiswahili kimekaa juu yake.

— Ahaa. Umekifanya bitana.

— Haswa! Bitana.

— Nguo ikikaa vizuri mwilini, — Hamidu aliwageukia wenzake, — nani anauliza bitana imetoka wapi?

— Pindo, tulia kwanza, — alisema Anselmo, akisimama. — Hii mimi nitawaeleza, nimefungua redio zaidi ya mia. Waya ukikaa na umeme muda mrefu unapata mazoea. Ile redio ya padri mmoja kule Newala, nakwambia ukiizima ilikuwa inakohoa. Ni mazoea!

— Ilikuwa na panya, — alisema Fakihi.

— Haya, tuseme panya. Basi kuna jambo jingine. Kuna mtu. Huko ilikotengenezwa kuna mtu amekaa kwenye kiti, anasikiliza, sisi tukisema oya yeye anabonyeza.

— Huo waya umeishia dukani kwa Sadallah.

— Basi ni Sadallah!

— Msinitie mimi kwenye mambo yenu! — ilisikika sauti ya Sadallah kutoka ng'ambo.

Anselmo alirudi kwenye benchi, lakini hakuwa ameshindwa. Alikuwa anajaza upepo. Alipoanza tena, sauti yake ilikuwa ya chini.

— Jamani, hii ni soko huria. Fikirini. Korosho yetu inaondoka mbichi, inakwenda kubanguliwa ughaibuni, inarudi kwenye pakiti ina picha, hata mwenyewe uliyeipalilia huijui. Sasa wamefika kwenye maneno. Wametuletea tivii iliyosoma, inakaa hapa kijiweni inakusanya. Oya, mshikaji, kama vipi. Yanaondoka mabichi. Mwakani tutaletewa yamekaangwa, yamo kwenye pakiti, tuanze kuyajifunza upya kwa mitihani!

— Mtihani wa oya! — Fakihi alishika kichwa. — Nami nitafeli.

— Ndiyo maana mimi nimeyabangulia hapa hapa, — alisema Ziada.

Wakalitafuna hilo. Mwalimu Stefano tu ndiye aliyekuwa akitikisa kichwa tangu mwanzo.

— Mimi nina hoja ya heshima. Oya ni neno la kumwita mtu aliyening'inia mlangoni mwa basi. Leo tunataka kufungua darasa, mtoto wa mtu aje akae mbele ya chombo cha elimu, neno lake la kwanza liwe oya? Huo ni uhuni uliotiwa umeme. Na chombo chenyewe hakina hata salamu. Tumekaa hapa watu wazima wanne, kimetukodolea jicho tu.

— Kinajua salamu, Mwalimu.

Ziada aliinama. Vidole vyake vilikwenda haraka kama vya marehemu mama yake alipokuwa akichambua mchele, na Hamidu alilazimika kutazama pembeni kidogo. Kisha binti akasema kwa sauti, "Kamua," akabonyeza, na kwenye kioo cheusi yakatokea maandishi ya kijani. Fakihi, aliyeishia darasa la saba, aliyasoma neno kwa neno:

SHIKAMOONI WAZEE WA KIJIWE.

— Malahaba! — waliitikia Fakihi na Anselmo kwa pamoja, kabla hata hawajajua kwamba wameitikia.

Hamidu alikuwa ameitikia pia. Na aliapa baadaye, kila alipoisimulia habari hii, kwamba midomo ya Mwalimu Stefano ilicheza. Walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwao kuamkiwa na kitu kisicho na mama, na kilichowashangaza zaidi ni jinsi salamu ilivyokaa sawa, wala haikuwa na kiburi.

— Imejuaje kwamba sisi ni wakubwa wake? — aliuliza Fakihi, taratibu.

— Mimi ndiye niliyeiambia, mjomba. Haijui kitu ambacho hakuna aliyeiambia.

— Hata sisi, — alisema Fakihi. Hakufafanua, akajimiminia kahawa yeye mwenyewe, kitu ambacho huwa hafanyi.

— Sasa subirini muone nilichowaletea, — alisema Ziada. — Hiki nimekifanya siku hizi nne, na misemo yenu yote nimeshaiweka ndani.

Akaandika, huku akiwasomea kila mstari:

oya
mshikaji anselmo kashika ubishi
mshikaji stefano kashika kifungu
mshikaji fakihi kashika kahawa
mshikaji hamidu kashika pindo
piga tena mpaka birika tupu
wachane kwa zamu
kamua

Kioo kikasafishika. Halafu maneno yakaanza kuteremka, moja chini ya jingine, bila haraka:

ANSELMO: NILISEMA MIMI!
STEFANO: KIFUNGU KINASEMAJE?
FAKIHI: NANI HAJAPATA?
HAMIDU: SUBIRINI NILIPIGE PINDO.
ANSELMO: NILISEMA MIMI!

Na yakaendelea. Kijiwe kilikuwa kimeingia ndani ya kijiwe. Anselmo alijiona anabisha, akasema, "Nilisema mimi!" na mashine ikasema hivyo hivyo kwa wakati mmoja, akajiziba mdomo. Fakihi alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha hakucheka tena, alitazama tu. Watu wawili waliokuwa wakipita na baiskeli walisimama. Hamidu aliliona jina lake likija, likipita, likirudi, akawaza kwamba siku atakapokuwa hayupo kitu hiki kitaendelea kuwaomba watu wasubiri alipige pindo. Haikumtisha. Huyu ni mtoto aliyembeba mgongoni.

Mwalimu Stefano alikuwa amesogea mpaka miwani yake inakaribia kugusa kioo.

— Itanyamaza lini?

— Kwa sheria ya hapa hapa, Mwalimu. Mtu anaiandikia yale maneno ya mjomba.

— Bilika tupu? — Fakihi alijishika kifua. — Maneno yangu?

— Yako. Nani anaiandikia?

Anselmo alikwisha kaa mezani. Alijifuta mikono kwenye suruali, akanyoosha kidole kimoja, akazitafuta herufi kwenye vitufe kama mtu anayetafuta njugu kwenye vumbi. B. I. L. I. K. A. Akaacha nafasi jinsi Ziada alivyomwonyesha, akamalizia, akabonyeza.

SIKUSOMI, MSHIKAJI.

Na chini yake: STEFANO: KIFUNGU KINASEMAJE? FAKIHI: NANI HAJAPATA?

— Umeandika haraka, — alisema Fakihi.

Anselmo aliandika tena, polepole, akitamka. Bi-li-ka tu-pu.

SIKUSOMI, MSHIKAJI.

Mara ya tatu aliandika huku jasho likimshuka kwenye paji la uso. Mashine haikumsoma. Kijiwe cha ndani kiliendelea kubishana peke yake, na cha nje kikikitazama.

Ziada aliinama akakiona kilichotokea, na uso wake ukabadilika.

— Ni r, baba mdogo, — alisema kwa sauti ndogo. — Bi-ri-ka.

Anselmo aliondoa kidole. Alisimama, akarudi kwenye benchi, akajikung'uta magoti ambayo hayakuwa na vumbi.

— Andikeni nyie wenye r, — alisema. — Mimi haijanisoma.

— Nami isingenisoma, — alisema Fakihi, akilitazama birika lake mwenyewe kana kwamba limemdanganya miaka yote.

— Mnaona sasa! — Mwalimu Stefano alinyoosha kidole juu. — Ndiyo hoja yangu. Chombo hiki ni cha Dar es Salaam. Kimefundishwa na watu wa Dar es Salaam. Kimekuja hapa, mtu wa kwanza wa Masasi kukiandikia neno, kinamwambia sikusomi. Niwafungulie ghala la wakulima kwa ajili ya mashine isiyowasoma wakulima?

Na kusema kweli hoja ilikuwa na nguvu. Hamidu aliliona basi la Jumatatu limewasha injini. Aliona na jambo jingine, la zamani, akajua kwamba akinyamaza sasa atakuwa anamnyima mtoto. Watamcheka? Wamcheke.

— Ziada.

— Abee, baba.

— Unaikumbuka siku uliyorudi kutoka shule unalia, uko darasa la pili?

Ziada alikiinamia kitufe kimoja asikibonyeze.

— Naikumbuka.

— Ulisimamishwa mbele ya darasa mpaka useme birika. Kila ukisema bilika, wanacheka. Ulisimama mpaka kengele. Nyumbani nikakwambia nini?

— Ulisema, shuleni nikaseme birika, nyumbani niseme bilika, nisichanganye.

— Basi mimi sijui kompyuta. Nakuuliza tu, mwanangu. Hiyo mashine yako ni shule, au ni nyumbani?

Ziada aliitazama mikono yake. Mwalimu Stefano alivua miwani akaanza kuifuta kwa ncha ya shati, akaifuta, akaendelea kuifuta. Hakuna aliyemtaja. Hapakuwa na haja, kwa sababu miaka hiyo darasa la pili la shule ile lilikuwa na mwalimu mmoja tu.

— Ilikuwa kazi yangu, — alisema hatimaye, bila kumtazama mtu.

— Nami nilijifunza, Mwalimu, — alisema Ziada. Haikuwa kejeli. — Nilijifunza vizuri sana. Ndiyo maana hata sikufikiri. Nilipofika kwenye neno la mjomba, mkono wangu wenyewe ukaandika r.

Akaandika "birika tupu" kwa r, na mashine ikanyamaza. Halafu akafanya jambo moja dogo. Aliongeza mstari mmoja juu kabisa, akausoma kwa sauti ili wote wasikie:

bilika ndo ile ile birika

— Kamua, — alisema, na ubishi ukaanza upya kwenye kioo. — Baba mdogo, njoo.

— Mimi nimeshakaa.

— Njoo, Enjinia.

Fakihi alimsukuma kwa kiwiko. Anselmo alikwenda taratibu. Alitazama vitufe muda mrefu, kisha akaandika jinsi anavyosema, jinsi mama yake alivyosema kule Newala, b-i-l-i-k-a, na kabla ya kubonyeza alimtazama Ziada.

Alibonyeza.

BILIKA TUPU. POA, WAZEE. TUKUTANE KESHO.

Kioo kikatulia. Waliokuwa kwenye baiskeli wakaguna. Anselmo alikiacha kidole chake pale pale kwenye kitufe, akiogopa kwamba akikiondoa jambo hili litatanguka.

— Imefundishika, — alisema. Hakuwa na nadharia yoyote. — Jamani, imefundishika.

— Mimi shule ilinipiga miaka saba initoe l mdomoni, — alisema Fakihi, — ikashindwa. Huyu kasomeshwa mstari mmoja tu, kaipokea.

Hamidu alikuwa anamtazama binti yake na kumwona mtu mpya, mtu ambaye angemwamkia kama asingemzaa.

Mwalimu Stefano alirudisha miwani usoni. Kila mtu alikuwa akimtazama, na yeye alikuwa ameshika kamba iliyo shingoni.

— Nimeona, — alisema. — Sikatai nilichokiona. Lakini kifungu cha tisa cha katiba ya chama kinasema wazi: ghala ni kwa ajili ya kuhifadhi korosho za wanachama. Korosho. Siwezi kukipindisha kifungu kwa sababu moyo wangu umeguswa.

Wakati huo mama mmoja alikuwa amesimama pembeni na kitambaa cha buluu mkononi. Jina lake Oliva, mkulima wa Lisekese, alikuja kushonesha sare ya mwanawe. Alikuwa amefika mashine inasema tukutane kesho, hakuelewa hata moja, na kwa kuwa fundi alikuwa hamjali, alisubiri. Sasa alipiga goti kidogo.

— Shikamooni, baba zangu. Samahani, mimi mgeni hapa. Humo ghalani sasa hivi mna nini?

Alilielekeza swali kwa Mwalimu Stefano, mwenye ufunguo. Mwalimu alifungua mdomo. Hamidu alimwona anapekua vifungu, cha kwanza, cha tano, cha tisa, na kuvipita vyote. Ufunguo alikuwa akiuvaa kila siku ya Mungu, akilala nao. Mlango hakuwa ameugusa tangu msimu wa mwisho wa ushirika, miaka minane.

— Humo ghalani, — alianza Mwalimu. — Humo... kwa mujibu wa...

Fakihi aliinuka. Alilishika birika lake kwa kitambaa, akaliinua juu ya kichwa. Hamidu alijua bado lina kahawa, maana aliusikia mtikisiko wake. Mjomba mtu alimtazama mpwa wake, kisha akaligeuza mdomo chini. Kahawa iliyokuwa ingali moto, vikombe sita au saba, ikamwagika mavumbini mbele ya miguu ya watu wote na kutoa mvuke.

— Bilika tupuuu!

Hakuna aliyeongeza neno. Mwalimu Stefano aliitazama ile kahawa inavyonywewa na ardhi. Angeweza kusema kwamba birika halikuwa tupu. Ushahidi ulikuwa unafuka moshi mbele yake, na yeye alikuwa mtu wa ushahidi. Aliitazama mpaka ikabaki doa tu. Kisha akaipitisha kamba juu ya kichwa chake, taratibu, kofia ikaanguka asiiokote, akamshika Ziada mkono na kumwekea ufunguo kiganjani.

— Bilika tupu, — alisema Mwalimu Stefano.

Alisema kwa l. Ilimtoka kwa shida, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake, lakini kila mtu aliisikia, na Ziada aliisikia kuliko wote. Alipiga goti mpaka chini.

Kufuli lilikuwa limeshika kutu. Ufunguo uliingia, haukuzunguka. Anselmo alitaka nyundo. Hamidu alimwambia asubiri, akakitafuta kikopo cha mafuta ya cherehani chini ya benchi, akatia tone moja, akatia la pili, akatia na la tatu. Wakangoja. Ziada alizungusha tena, na kufuli likaachia.

Oliva, aliyekuwa mbele kuliko wote kwa sababu ya swali lake, alichungulia gizani.

— Kumbe hamna kitu, — alisema.

— Meza nitaiweka pale dirishani, — alisema Ziada.